Mlango wa Mkunga

Siku ya mazishi ya mumewe, Mwepesi alipiga magoti mbele ya mtu mmoja tu, na mtu huyo ndiye ambaye marehemu alikuwa akimdai kuliko wote.

Walimwita Tajiri, na malori yaliyojaa uani kwake yalitosha kueleza kwa nini. Uani humo ndimo marehemu, fundi wa kuchomea vyuma, alimofia. Mvua ilikuwa imetoka kunyesha, waya wa umeme umechubuka na kulala kwenye dimbwi, na fundi akakanyaga dimbwi lile akiwa na mashine ya kuchomea mkononi. Hakupiga hata kelele. Kesho yake Tajiri alikuja msibani na magari mawili, akasimama katikati ya watu, akakohoa mpaka wakanyamaza.

"Jeneza, gari la kumbebea, viti, chakula cha wageni, hayo yote niachieni mimi," alisema. "Huyu alikuwa ndugu yangu."

Watu wakaguna kwa shukrani. Wanawake waliokuwa wamemshika Mwepesi wakamnong'oneza, "Mshukuru, mshukuru," na mmoja akamsukuma kidogo mgongoni. Akashuka magotini kwenye tope, akaishika miguu ya Tajiri, akalia juu ya viatu vyake. Tajiri akamwinua mbele ya wote.

"Ah, shemeji, usifanye hivyo. Kazi ya ndugu ni nini?"

Mwepesi halikuwa jina la kuzaliwa. Alikuwa msusi, ana kibanda chake sokoni chenye benchi moja na kioo kilichopasuka kona, na wateja walimpa jina hilo kwa sababu ya vidole vyake. Wasusi wengine walivuta nywele mpaka mtu akainuka na macho ya kupanda juu, anatembea kama aliyeona jini. Yeye alisuka mtu akasinzia. Mumewe walimwita Cheche, kwa ajili ya cheche za mashine yake zilizokuwa zimemtobolea mashati yote na kumwachia macho mekundu yasiyokwisha. Walikuwa na binti mmoja, aliyekuwa darasa la mwisho.

Nyumba yao haikuwa na ugomvi mkubwa. Ukitokea, ulihusu jambo lile lile: Cheche alikuwa hajui kusema hapana. Mtu alikuja na robo ya bei, akarudi na geti zima. Hakuandika popote, kila kitu alikibeba kichwani.

"Mlango haukimbii," alikuwa akimwambia mkewe. "Mtu kila akiufunga ananikumbuka. Atalipa."

"Atakukumbuka, lakini kumbukumbu haitiwi chumvi ikaliwa," mkewe alimjibu. "Kukopa harusi, kulipa matanga. Shauri yako."

Cheche alicheka. Wala mkewe, aliposema matanga, hakudhani yatakuwa ya nani.

Wageni wa msiba walipotawanyika, Mwepesi alibaki na binti, chumba kimoja na kodi. Mwenye nyumba alivumilia kwa muda aliouona yeye unatosha. Halafu akaanza kupita mlangoni kila asubuhi, haamkii, anatazama tu ndani kama mtu anayepima chumba kwa ajili ya mpangaji mwingine. Ndipo Mwepesi akamwita Koleo.

Koleo alikuwa mzee kidogo kuliko Cheche, na ndiye aliyeshika upande wa pili wa kila chuma ambacho Cheche alikichomea. Alikalia kigoda, akaweka kofia gotini, akataja wadaiwa mmoja baada ya mwingine kama mtu anayesoma ukutani. Tajiri, lango kubwa la uani na paa la chuma la bohari: hajalipa ila pesa ya vifaa. Karani wa mahakama, madirisha yote ya nyumba yake mpya. Bibi mkunga wa mtaa wa chini, mlango wa mbele, amelipa nusu.

"Hao ndio ninaowajua, shemeji. Wengine kaondoka nao."

"Na ule waya ulikuwa wa nani?" Mwepesi aliuliza.

Koleo akageuza kofia. Waya ulikuwa wa Tajiri, na Cheche alishasema mara mbili kwamba umechubuka. Lakini Koleo alikuwa bado anatafuta kazi, na kazi iliyokuwepo ilikuwa uani kwa Tajiri. "Waya ni waya," alisema.

Mwepesi alianza na Karani, kwa sababu alikuwa mtu wa sheria. Alimkuta barazani, chini ya madirisha ya Cheche, anapiga viatu rangi.

"Mbona nilishamlipa, mama?" Karani alisema, brashi haikusimama. "Mkononi kwake. Wiki ile ile aliyofariki."

"Hakuniambia."

"Hayo ni ya mke na mume, mimi siyaingilii."

"Kuna mtu aliyeona ukimpa?"

"Tulikuwa wawili. Muulize yeye." Akainua kiatu akakitazama kwenye mwanga. Alipoona mwanamke haondoki, akaongeza kwa sauti ya chini, kama anayemfanyia hisani: "Labda alikuwa na matumizi yake. Wanaume, mama, tuna matumizi yetu. Usichimbe sana, utakuta usichokipenda."

Neno lile lilimfuata mpaka nyumbani. Alitoa mashati ya marehemu kwenye sanduku, yale yenye matundu ya cheche, akayanusa moja moja makwapani na kwenye kola, akitafuta manukato ya mwanamke. Hayakunuka ila chuma na jasho. Hata hivyo hakutulia. Siku ile Karani hakumnyima fedha peke yake, alimchukulia na mume.

Kwa Tajiri alikwenda siku ya mishahara, akidhani mbele za watu ataona haya. Madereva walikuwa wamepanga foleni mpaka nje ya ofisi. Tajiri akampa kiti, akamwagizia soda, akamuuliza hali ya binti. Alipotaja deni, Tajiri hakukana hata kidogo. Alivuta mashine ya hesabu, akailaza mezani katikati yao.

"Lango na paa, nakubali. Ni haki yake. Sasa tuje upande wa pili. Jeneza lile uliliona, shemeji? Mbao ngumu zile, siyo makapi." Akabonyeza. "Gari, kwenda na kurudi. Viti. Turubai, maana mvua ilikuwa inatishia. Chakula, na watu wale walikula, usinifiche, wengine walibeba. Mashine yake iliyoungua niliitupa kwa gharama yangu." Alibonyeza mara ya mwisho, akaigeuza ile mashine ili mjane aone. "Ukitaka tufuate hesabu, wewe ndiye unayebakia na deni kwangu. Lakini mimi simdai mjane. Nimekusamehe."

Kwenye foleni dereva mmoja alisema, "Bosi ana roho nzuri," na wengine wakaitikia.

Mwepesi alitazama ile namba. Soda ilikuwa bado mkononi.

"Kwa hiyo mume wangu alijinunulia jeneza mwenyewe," alisema polepole. "Na mimi nikakupigia magoti."

"Nani alikutuma kupiga magoti?" Tajiri aliuliza, kwa mshangao kabisa, na foleni nzima ikacheka.

Alikwenda pia kwa mwenyekiti wa mtaa. Huyo alimsikiliza mpaka mwisho, akakuna kidevu, akamuuliza kama ana karatasi yoyote yenye saini. Hakuwa nayo. Mwenyekiti akamshauri asiwachafulie watu majina, hasa mtu aliyetoa jeneza zuri kama lile, ambalo mfano wake yeye binafsi, katika misiba yote aliyohudhuria, hajawahi kuuona. Kufa kufaana, wahenga walisema, na kweli kifo cha Cheche kilikuwa kimewafaa wengi isipokuwa wa nyumbani kwake.

Akabaki mkunga.

Bibi huyu alikuwa amezalisha nusu ya mtaa kabla miguu haijaanza kuvimba. Sasa alikuwa amestaafu, anaishi peke yake chumba na kibaraza, na kutoka kitandani mpaka mlangoni kwake ilikuwa safari ya kushika ukuta. Mlango wa chuma aliuweka baada ya vibaka kumwingilia. Mwepesi alipomwamkia na kueleza kilichomleta, bibi hakuzunguka.

"Ndiyo, mwanangu. Nadaiwa. Nusu nilimpa, nusu iko kwangu." Alifungua fundo kwenye pindo la nguo yake, akampa kilichokuwemo, kidogo sana, kilichokunjwa mpaka kikawa kama ganda la karanga. "Pensheni imekwama huko ofisini, kila nikituma mtu anaambiwa njoo kesho. Ikitoka, wa kwanza wewe. Mumeo aliniwekea mlango huu nikalala. Siwezi kumdhulumu."

Mwepesi alitoka pale akijifuta macho. Tangu azike, huyo ndiye mtu wa kwanza aliyemjibu kwa neno ndiyo. Pale njiani aliapa atasubiri pensheni hata ikichukua mwaka.

Hakusubiri. Jioni moja alirudi kutoka sokoni akakuta godoro nje, limeegemezwa ukutani, na binti ameketi juu ya sufuria iliyopinduliwa, madaftari mapajani, anajifanya anasoma. Mwenye nyumba alikuwa amesimama na kufuli mpya.

"Leo ingieni mlale. Kesho jioni nataka kodi yangu, au nafunga. Mimi si ndugu wa marehemu."

Alfajiri Mwepesi alikuwa kwa Koleo.

"Chukua nyundo na tindo," alimwambia. "Tunakwenda kuchukua mali ya mume wangu."

"Kwa Tajiri?"

"Kwa mkunga."

Koleo alidhani hakusikia vizuri. "Shemeji, huyo ndiye aliyekiri."

"Ndiyo maana."

"Karani je?"

"Karani atanipeleka anakofanyia kazi, na huko wanamwita mheshimiwa. Kwa Tajiri nikang'oe nini, lango linalosukumwa na watu watatu, madereva wananitazama? Utakuja, au nichukue shoka niende mwenyewe nikauharibu?"

Koleo alifikiri juu ya mlango ule kupigwa shoka. Alikuwa ameushika yeye wakati Cheche anauchomea. Akachukua mfuko wa vifaa, akakodi mkokoteni.

Bibi mkunga alikuwa macho. Aliposikia chuma kinagongwa alijikokota mpaka katikati ya chumba, akamtambua Koleo kwenye mwanga wa asubuhi, uso ukachangamka.

"Afadhali mmekuja, wanangu. Bawaba ya chini ilikuwa inalia sana."

Koleo akasimamisha nyundo. Alimtazama Mwepesi, na Mwepesi akatazama bawaba.

"Endelea," alisema.

Haikumchukua bibi muda mrefu kuelewa. Hakupiga mayowe. Aliketi kwenye ukingo wa kitanda, mikono mapajani, vumbi la saruji likamwangukia miguuni.

"Mwanangu, nilikwambia nitalipa."

"Kodi yangu haingoji pensheni yako."

"Mtoto wako nilimpokea kwa mikono hii. Alitoka kimya, nikampulizia mimi mpaka akalia."

"Na nilikulipa, bibi," Mwepesi alisema. "Siku ile ile. Sikukukopa."

Majirani walikuwa wameanza kusogea, vikombe vya chai mikononi. Mmoja akasema si vizuri, mtu mzima yule, angalau aachiwe mpaka mwisho wa mwezi. Mwepesi akamgeukia. "Haya, mlipie wewe." Yule jirani akaona kikombe chake kimepoa, akarudi ndani. Wengine wakaendelea kunywa chai yao. Mlango ulipoachia ukuta, kipande kikubwa cha plasta kilidondoka nao, na kilichobaki kilikuwa tundu, na kupitia tundu lile mtaa mzima ukaona kitanda cha bibi, chungu chake cha maji, na sanduku la vifaa vyake vya zamani vya kuzalishia.

Sasa sikiliza jambo ambalo mwanamke aliyelala na fundi wa vyuma miaka yote ile alipaswa kulijua: mlango wa kuagiza hauna mnunuzi. Ule ulipimwa kwa tundu lile, lililokuwa limepinda juu kama mdomo wa mtu anayenuna, na hakukuwa na tundu jingine duniani la namna hiyo. Walizunguka nao kwa mafundi mpaka jua likawa kali. Wote walipima, wote wakacheka. Mwishowe waliupeleka kwa mnunuzi wa chuma chakavu. Huyo alivunja kitasa kwa teke ili kisizidishe uzito, akautupa kwenye mizani, akataja bei ambayo Mwepesi alidhani ni mzaha.

"Mshono safi huu," Koleo alisema kwa sauti ndogo, akipitisha kidole pale chuma kilipoungana na chuma. "Mshono wake."

"Sinunui mishono," alisema mnunuzi. "Nanunua kilo."

Ukitoa mkokoteni na ujira wa Koleo, ambao Koleo aliupokea bila kumtazama, kilichobaki hakikufika nusu ya kodi. Mwenye nyumba alikichukua, akaguna, akasogeza siku mbele kidogo. Hicho tu ndicho Mwepesi alichonunua kwa mlango ule.

Bibi aliegemeza kabati kwenye tundu. Kabati lilizuia upepo, halikuzuia watu. Vibaka waliingia kabla wiki haijaisha, wakachukua redio, jiko na lile sanduku la vifaa, na katika kumpita walimsukuma, akaanguka vibaya, akavunjika nyonga. Watu waliokuwa na vikombe siku ile sasa walikuwa na maneno mengi. Kutwa walimlaani Mwepesi, na hakuna aliyemtaja Tajiri wala Karani, kwa sababu hao walikuwa hawajang'oa mlango wa mtu.

Ndipo pensheni ikatoka. Bibi, akiwa kitandani hospitali, alimtuma jirani na bahasha. Jirani alikuja kibandani mbele ya wateja, akaiweka kwenye benchi kana kwamba inanuka.

"Nusu iliyobaki. Amesema uhesabu. Nilimwambia mlango ulishauchukua, deni limekwisha. Akasema hii nusu ni deni la Cheche, na la kung'oa mlango ni jambo lako na yeye, siku nyingine mtazungumza."

Mwanamke aliyekuwa anasukwa aliinua macho kwenye kioo kumtazama. Wateja wote walikuwa wanamsubiri aikatae. Mwepesi aliishika ile bahasha, na mawazo yake yalikwenda kwa kodi, na ada ya mtihani wa binti, na jinsi mkate ulivyopanda bei. Akaitia kifuani.

"Mwambie imefika," alisema, akaokota kitana.

Hawakuzungumza siku nyingine. Mpwa wa bibi alikuja akamchukua kwake mbali, na habari zilizorudi ni kwamba alilazwa chumba cha nyuma, na kwamba hakuishi sana.

Wateja wakapungua. Hawakusema kitu, walihamia tu kwa wasusi wenye mikono mizito, wakarudi nyumbani na vichwa vinavyouma lakini roho safi. Binti alifaulu mtihani, akaomba shule ya bweni ya mbali, na likizo alipenda kubaki. Barua zake zilikuwa na heshima zote, shikamoo ya mwanzo na shikamoo ya mwisho, na katikati hamna kitu.

Mteja mmoja hakuhama, naye alikuwa mke wa Tajiri. Alikuja kila mara kama zamani, akaketi chini kati ya magoti ya Mwepesi, akampa kichwa.

"Wanakusema sana, lakini mimi nilikusifu," alisema siku moja, amefumba macho kwa raha. "Nilimwambia mume wangu, yule mwanamke ana moyo. Unajua madereva wake wanamkopa, halafu wanakufa barabarani, na wake zao wanamlilia? Wanaume hawawezi kazi ile ya kudai wajane. Mwanamke akilia, mwanamume anatoka nje. Mume wangu anatafuta mtu asiyetoka nje."

Vidole vya Mwepesi vilisimama katikati ya msuko. Kichwa cha yule mama kilikuwa kimelegea kabisa mikononi mwake, shingo wazi. Kisha vidole vikaendelea.

"Analipaje?" aliuliza.

Alianza mwezi uliofuata. Alipewa asilimia ya madeni aliyokusanya, na nauli. Nyumba ya kwanza ilikuwa ya dereva aliyepinduka na lori mlimani, mkewe bado kijana, mtoto mgongoni, macho yamevimba. Yule mjane alimwita dada, akamfutia kiti kwa upindo wa gauni, akamletea maji. Halafu akaanza kueleza: jinsi mumewe alivyokuwa akikatwa mshahara kulipa deni lile, jinsi alivyosema limekaribia kwisha, jinsi karatasi zilivyoungua ndani ya lori pamoja naye. Alieleza mpaka sauti ikakatika.

Mwepesi hakumkatiza hata mara moja. Miaka kibandani ilimfundisha kusikiliza. Alikunywa maji yote, akaweka kikombe chini taratibu, akazungusha macho chumbani.

"Pole sana, mdogo wangu," alisema. "Ile cherehani pale kona, ni yako au ilikuwa yake?"